Mchezaji kaanguka, moyo umesimama, mbona hawamkimbizi hospitali? Uzi wa tiba inayomfuata mgonjwa pale alipoangukia

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mchezaji akianguka uwanjani, kwenye vibanda umiza swali huwa lile lile: "Sasa wanasubiri nini? Si wampakie wakimbie!" Juni 12, 2021, Christian Eriksen alipodondoka pale Parken, Copenhagen, Denmark wakicheza na Finland, kibanda kizima kililiuliza kwa mpigo. Wachezaji wenzake wamemzungushia ukuta, madaktari wamepiga magoti, gari halionekani. Mzee mmoja akatoa hukumu kabisa: huyo keshakwenda, wanazuia kamera tu.

Kumbe pale chini kwenye nyasi ndipo alipokuwa anatibiwa. Kifua kilikandamizwa, akapigwa shoti moja ya mashine, moyo ukarudi kwenye mapigo yake, na anabebwa kutoka uwanjani alikuwa na fahamu. Hospitali alikwenda akiwa hai.

Nafanya kazi kitengo cha dharura, na upande wa pili wa swali hilo naupokea mlangoni. Mtu kaanguka dukani, anabebwa mzobemzobe miguu ikining'inia, anasukumwa siti ya nyuma ya Noah, taa zote zinawaka, honi mwanzo mwisho. Anafika kwetu njia nzima hakuna mkono uliogusa kifua chake. Ndugu wamefanya kila walichojua kwa upendo wote, na sisi tunabaki kutazama saa.

Tutenganishe vitu viwili kwanza, maana vinachanganywa sana. Shambulio la moyo ni mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba. Mgonjwa anabanwa kifua, jasho linamtoka, lakini anaongea na wewe. Huyo mkimbizeni, tena haraka. Moyo kusimama ni habari nyingine: damu haizunguki, mtu anazimika ndani ya sekunde chache, hapumui, au anakoroma kwa vipindi na watu wanadhani bado anapumua. La kwanza linaweza kuzaa la pili. Na likishazaa, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa inakata nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe kutoka Mbezi hadi Muhimbili saa kumi na mbili jioni.

Wazo la kuipeleka tiba kwa mgonjwa lina mwenyewe. Frank Pantridge, daktari wa moyo wa Royal Victoria Hospital pale Belfast, aliona kwamba wagonjwa wengi wa moyo wanafia nyumbani na njiani, wodi yake inapokea wale waliobahatika tu. Mwaka 1966 akapakia mashine ya kushtua moyo ndani ya gari la wagonjwa. Iliendeshwa kwa betri za gari na ilikuwa na uzito wa kama kilo 70, yaani mgonjwa wa pili! Miaka michache baadaye akawa na ya kilo 3 na ushei. Wamarekani wakalidaka wazo. Seattle kikosi cha zimamoto kilianzisha Medic One mwaka 1970, na daktari Leonard Cobb akaongeza jambo ambalo mimi naliweka juu ya gari lenyewe: akaanza kufundisha raia wa kawaida kukandamiza kifua.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikitoka zamu.

Chuma cha Pua

Uzi umeenda shule. Mkuu, hebu fafanua: timu ya wataalamu ikifika pale chini inafanya nini hasa ambacho mimi raia siwezi? Maana kwenye TV naona wamemwinamia tu.

Zamu ya Usiku

Mkuu Chuma, ukiwaona wamemwinamia ujue kila mmoja ana kazi yake.

Mmoja yupo kifuani hatoki. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kila mara anakiacha kifua kirudi juu chenyewe. Kila baada ya dakika 2 anapokewa, kwa sababu mikono ikichoka kina kinapungua na mwenyewe hajijui. Huyu ndiye injini. Wengine wote wanafanya kazi bila kumsimamisha.

Wa pili anabandika vibandiko vya mashine na kusoma mdundo. Hapa filamu zimetudanganya vibaya sana. Shoti inapigwa pale moyo unapotetemeka ovyo bila kusukuma damu, au unapokwenda mbio kiasi cha kutosukuma kitu. Shoti inaizima ile vurugu kwa nukta moja ili moyo uanze upya. Ule mstari ulionyooka ambao kwenye tamthilia wanaushtua mpaka mtu anaruka kitandani, sisi hatuushtui. Hakuna cha kuzima pale. Huyo ni kifua na dawa, na kutafuta chanzo.

Wa tatu anatafuta njia ya damu. Mishipa imelala, kwa hiyo kanula ikigoma anachoma sindano ya mfupani, mara nyingi chini kidogo ya goti. Hapo ndipo inapita adrenalini, miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Kama moyo unaendelea kutetemeka baada ya shoti ya tatu, amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo, miligramu 300.

Wa nne yupo kichwani na njia ya hewa. Ama anaweka bomba hadi ndani ya koo la hewa, au kifaa laini kinachokaa juu ya koromeo. Hapo huunganishwa kapnografia, kipimo cha hewa chafu inayotoka mapafuni. Mimi nakipenda sana. Kikisoma chini mno unajua mikandamizo haitoshi, na kikipanda ghafla mara nyingi moyo umerudi kabla hata hujagusa mshipa wa shingo.

Na kiongozi wao, huyu mara nyingi hashiki chochote. Anauliza: kwa nini umesimama? Oksijeni imeisha? Damu imemwagika? Potasiamu imepanda, tuseme mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu? Bonge la damu kwenye mapafu? Hewa imenaswa kifuani? Sumu? Chanzo kikipatikana na kikatibika, hapo ndipo mtaalamu anakuwa na faida ambayo mikono mitupu haina.

Mama Wawili

Ahsante kwa elimu daktari. Mimi nilijua kuna ile sindano ndefu inachomwa moyoni moja kwa moja, mtu anakurupuka anakaa. Hiyo adrenalini si ndiyo yenyewe?

Zamu ya Usiku

Ndiyo yenyewe mama, ila haichomwi moyoni na hakuna anayekurupuka. (Na mimi si daktari, ni afisa tabibu, tusije tukapandishana vyeo humu.)

Habari ya adrenalini inastahili kusimuliwa taratibu. Ilitumika kwa miongo mingi kwa sababu inabana mishipa ya mwilini na kusukuma damu kurudi moyoni, na kweli moyo unarudi kwa wagonjwa wengi zaidi. Waingereza wakajiuliza: unarudi, halafu? Wakafanya utafiti uitwao PARAMEDIC2, uliochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 8,014, wengine wakapewa adrenalini, wengine maji ya chumvi, na paramediki (mhudumu wa gari la wagonjwa) mwenyewe hajui kashika kichupa gani. Waliokuwa hai baada ya siku 30: adrenalini asilimia 3.2, maji ya chumvi asilimia 2.4. Dawa imeshinda, sawa. Lakini walipowatazama waliotoka hospitali wakiwa na ubongo unaofanya kazi vizuri, ikawa 2.2 kwa 1.9, tofauti ambayo kitakwimu huwezi kuisimamia. Na kati ya walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa adrenalini, na 17.8 upande wa maji.

Yaani dawa iliurudisha moyo kwa watu ambao ubongo wao ulikuwa umeshaharibika. Bado ipo kwenye miongozo na bado naitumia. Ila anayeniambia ndugu yake alikufa kwa sababu kituo cha afya hakikuwa na adrenalini, huwa namuuliza kwanza: kifua kilianza kukandamizwa saa ngapi?

Mgosi wa Lushoto

Sasa mkuu unatuchanganya. Uzi ni wa tiba ya juu, halafu unaibomoa mwenyewe. Kwa hiyo paramediki na mabomba yao ni usanii?

Zamu ya Usiku

Mgosi, subiri nikuongezee kabisa, kisha tujenge.

Ontario, Kanada, walikuwa na miji 17 yenye huduma ya shoti ya haraka. Wakaongeza paramediki wa ngazi ya juu, wenye mabomba na dawa za mshipani. Matokeo yakatoka mwaka 2004, utafiti wa OPALS, wagonjwa 5,638. Kabla ya kuongeza: waliotoka hospitali hai asilimia 5.0. Baada ya kuongeza: 5.1. Gharama yote ile! Kilichobeba matokeo kilikuwa kuanguka mbele ya watu, raia kukandamiza kifua, na shoti ya mapema. Mashine za kukandamiza kifua zenyewe, zile zenye pistoni, zilipojaribiwa kwa magari ya wagonjwa Uingereza hazikuwashinda binadamu kwa kuokoa maisha. Faida yake ni kwenye gari linalokimbia, ambako binadamu akisimama anaangukia mgonjwa.

Sasa kujenga. Ontario hao hao, mwaka 2022, walichukua wagonjwa ambao moyo unaendelea kutetemeka baada ya shoti 3. Badala ya kurudia yale yale, kundi moja wakahamisha vibandiko, kimoja mbele kimoja mgongoni. Kundi jingine wakatumia mashine mbili, shoti mbili zikifuatana kwa kupishana kidogo sana. Walioendelea na njia ya kawaida walitoka hospitali hai asilimia 13.3. Waliohamishiwa vibandiko asilimia 21.7. Mashine mbili asilimia 30.4. Utafiti ulikuwa wa watu 405 tu, lakini ona kitu chenyewe: kuhamisha kibandiko! Haikuhitaji dawa mpya wala kifaa kipya. Inahitaji mtu anayejua kwamba shoti tatu zimeshindwa na ana jambo la nne mkononi. Huyo ndiye mtaalamu.

Kwa hiyo sisemi ni usanii. Ni ghorofa, na ghorofa bila msingi mnajua linavyoishia Kariakoo.

Mzaramo wa Aarhus

Nipo Denmark miaka mingi, naomba niongezee kwenye suala la Eriksen. Wengi mlidhani ni kwa sababu ni staa. Hapa watoto wanafundishwa CPR (kukandamiza kifua na kupuliza pumzi) shuleni, na huwezi kupata leseni ya gari bila kozi ya huduma ya kwanza. Kozi nilisoma na mabinti wa miaka 18 wanamkandamiza mdoli huku wanacheka, lakini wanaijua.

Zamu ya Usiku

Shukrani mkuu, na takwimu zenu zinajulikana. Mwaka 2001 walioanguka na kukandamizwa na raia walikuwa asilimia 21. Mwaka 2010 ikafika karibu 45. Katika kipindi hicho hicho waliokuwa hai baada ya siku 30 wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Waligusa mambo mengi kwa pamoja, ikiwemo matibabu ya hospitali, kwa hiyo huwezi kutoa sifa zote kwa raia. Lakini mara tatu si mchezo.

Ustaadh Kipanga

Tusikufuru wandugu. Siku ikifika imefika, hata ungekuwa na mashine kumi.

Zamu ya Usiku

Ni kweli shehe, na sina ubishi na hilo. Ila siku yenyewe hatuijui ni ipi, ndiyo maana mtoto akitumbukia kisimani hatukai kujadili kama yake imefika.

Binti Msambaa

Vipi kuhusu Muamba? Yule moyo ulisimama zaidi ya saa nzima na akaamka. Hiyo haivunji hesabu yako ya dakika?

Zamu ya Usiku

Swali zuri dada. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, Machi 17, 2012, White Hart Lane, Bolton wakicheza na Tottenham kombe la FA. Moyo wake haukufanya kazi yenyewe kwa dakika 78. Alipigwa shoti 15, kuanzia uwanjani, kwenye korido ya wachezaji, ndani ya gari. Jukwaani alikuwepo daktari wa moyo, Andrew Deaner, shabiki wa Spurs, aliyeshuka kuongeza nguvu na kwenda naye hadi London Chest Hospital.

Haivunji hesabu, inaithibitisha. Hesabu ya asilimia 7 hadi 10 ni ya mtu ambaye hajaguswa. Muamba aliguswa karibu mara moja, kwa hiyo ubongo ulikuwa unapata damu kidogo kidogo dakika zote 78. Pia mdundo wake ulikuwa ule wa kutetemeka, alikuwa na miaka 23, na timu haikuacha. Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka Lyon Juni 26, 2003, hakupata bahati hiyo. Ukiirudia ile picha leo, kinachokuumiza macho ni jinsi muda unavyopita pale chini.

Na watu kama Muamba, yaani vijana, wameonekana wakianguka, wamekandamizwa mapema, na shoti zinagoma, ndio wanaofikiriwa siku hizi kwa ECMO. Hii ni pampu ya nje ya mwili: mirija minene inaingizwa kwenye mshipa na ateri ya paja, damu inatolewa, inatiwa oksijeni na kurudishwa, moyo unapumzishwa wakati mabingwa wanazibua mshipa. Paris wameipeleka hadi mtaani. Timu ya SAMU, huduma yao ya dharura, inashuka na pampu, inatoboa paja la mgonjwa alipolala, wanasema hata ndani ya makumbusho ya Louvre walishafanya.

Je, inaokoa? Minneapolis, mwaka 2020, utafiti mdogo wa watu 30 ulisimamishwa mapema kwa sababu waliopata pampu walitoka hai asilimia 43, na wa kawaida asilimia 7. Kila mtu akashangilia. Kisha wakahesabiwa walionusurika na ubongo unaofanya kazi vizuri: Prague mwaka 2022 ikawa 31.5 kwa 22, tofauti isiyotosha kitakwimu, na Uholanzi mwaka 2023 ikawa 20 kwa 16, nayo hivyo hivyo. Na Paris yenyewe walipohesabu wagonjwa wote wa kawaida siku hadi siku, waliopata pampu na wasiopata walipona sawa, karibu asilimia 8 na nusu. Usomaji wangu: Minneapolis kulikuwa na timu moja inayofanya kazi hiyo hiyo kila siku kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri. Ukisambaza kwa hospitali kumi zenye kasi tofauti, muujiza unapungua.

Mie wa Nungwi

Assalaam alaykum. Miye huku Kaskazini Unguja watu hawaanguki uwanjani, wanatolewa majini. Na juzi juzi mafundi wamenaswa na umeme. Hesabu ni ile ile?

Zamu ya Usiku

Wa alaykum salaam. Umeuliza kilicho muhimu kwetu kuliko Eriksen.

Aliyezama si sawa na mchezaji. Moyo wake umesimama kwa sababu oksijeni iliisha kwanza, kwa hiyo ukikandamiza tu unazungusha damu isiyo na kitu. Miongozo ya Ulaya inataka aanze kupuliziwa pumzi 5, kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Usimning'inize miguu juu wala kumbana tumbo kutoa maji. Maji ya tumboni hayana kosa, utamtapisha yaingie mapafuni. Kwa watoto wadogo pia kumbukeni pumzi, maana mara nyingi wao moyo unasimama baada ya kushindwa kupumua.

Wa umeme ni kinyume chake. Shoti ya umeme wa nyumbani mara nyingi inautia moyo kwenye ule mtetemo, na mara nyingi ni kijana mwenye moyo mzima. Kama kuna mtu duniani aliyeumbiwa kuokolewa na mashine ya kushtua ni huyo. Lakini kata umeme kwanza, tafadhali. Nimepokea wawili wawili.

Chuma cha Pua

Kwa mazingira yetu basi tunaanzia wapi? Ambulensi zenyewe ni za kubeba tu.

Zamu ya Usiku

Tusijidharau sana mkuu. Rwanda wana SAMU tangu 2007, namba 912, inakupelekea wahudumu. Hapa kwetu m-mama, namba 115, inasafirisha wajawazito na vichanga, na ambulensi isipopatikana inaita dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Mtu wa kupokea simu na kupanga usafiri tunaye tayari. Mimi ningeanzia hapo hapo kwenye simu. Seattle na vitongoji vyake tangu miaka ya 1980 anayepokea simu anamwelekeza mpigaji kukandamiza kifua, huku gari likiwa njiani. Maneno ni machache: anajibu? Anapumua kawaida? Mlaze chini kwenye kitu kigumu, kiganja katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, hesabu kwa sauti nikusikie. Pampu ya ECMO isubiri.

Mama Wawili

Kanisani kwetu kuna muumini anataka kutununulia ile mashine ya kushtua moyo, AED, inayoongea. Wazee wanasema ifungiwe ofisi ya mchungaji isiibwe. Na je, wasio wauguzi wanaweza kweli?

Zamu ya Usiku

Wanaweza mama. Kwenye kasino za Las Vegas walifundishwa walinzi, si wauguzi, na utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba walioanguka mbele ya watu na kushtuliwa ndani ya dakika 3 walipona asilimia 74. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, 49. Mashine yenyewe inasoma mdundo, haikubali kushtua moyo usiohitaji. Kifua kifutwe jasho, sidiria ifunguliwe au ikatwe bila aibu, na watu wote waachie mwili inaposema waachie.

Kuhusu ofisi ya mchungaji, hapana. Copenhagen yenyewe, pamoja na mashine zote zile, mwaka 2013 waligundua kwamba jioni, usiku na wikendi zaidi ya nusu ya walioanguka karibu na mashine wasingeipata, kwa sababu jengo limefungwa. Iwekwe ukutani karibu na geti alipo mlinzi, juani isikae, na mlinzi awe wa kwanza kufundishwa. Mhazini aandike kwenye daftari lake tarehe ya kuisha betri na vibandiko, na mfadhili aulizwe mapema nani atanunua vingine.